Naomba ushauri: nimemaliza dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A, nataka kushika mimba. Nisubiri muda gani?

Binti Masasi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Naishi Masasi, nimeolewa, bado hatujajaliwa mtoto. Uso wangu ulikuwa na chunusi kubwa, zile za ndani zinazouma na kuacha makovu. Nilihangaika na sabuni na vidonge vya kila aina mpaka mtaalamu wa ngozi Dar akaniandikia isotretinoini. Midomo ilikauka na kupasuka muda wote wa dozi, lakini chunusi zimeisha kabisa. Alinikataza kushika mimba nikiwa naitumia, na akasema nikimaliza nikae mwezi mzima kwanza. Cha mwisho nimemeza wiki iliyopita.

Sasa huku nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe ameshuka kutoka Newala baada ya mnada wa korosho, anataka mjukuu, na ananipikia maini karibu kila siku ili niongeze damu. Jirani yangu anataka kunitafutia zile kapsuli nyekundu za matone ya vitamini A wanazopewa watoto, anasema zinaandaa mwili. Mdogo wangu naye anasema niache hadi papai na viazi lishe kwa sababu ni vitamini A ileile iliyomo kwenye dawa.

Nimfuate nani? Na huo mwezi mmoja unatosha kweli? Naomba mnielezee na sababu zake, maana nikishaelewa sababu nitaweza kuwaeleza na wenzangu hapa nyumbani.

Mwana Mikindani

Dada, mwezi mmoja usikubali. Shangazi yangu alipewa dawa ya ngozi ya jamii hiyohiyo, akaambiwa asizae miaka mitatu. Bora ukae muda mrefu kuliko kujuta.

Mkunga Lindi

Binti Masasi, hongera kwa kuuliza kabla ya mimba.

Mwana Mikindani, shangazi yako hajadanganywa, ila inaelekea dawa yake ilikuwa nyingine. Ipo asitretini, hutumika zaidi kwa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wenye magamba. Hiyo ikikutana na pombe mwilini hugeuka kuwa kitu kinachojificha kwenye mafuta ya mwili kwa muda mrefu sana, ndiyo maana husubiriwa miaka mitatu. Isotretinoini hutoka haraka: kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya siku moja hivi. Mwezi mmoja umewekwa uwe na akiba ya kutosha. Kwa hiyo dada, chukua boksi lako usome jina la dawa herufi kwa herufi. Kama ni isotretinoini, mwezi mmoja unatosha, na katika mwezi huo tumieni uzazi wa mpango bila kuruka. Usichangie damu pia, maana huwezi kujua itawekwa kwa nani. Na kama kuna vidonge vimebaki, usimgawie mtu, hata akikulilia chunusi zake.

Mwalimu wa Newala

Nafundisha baiolojia, naomba niongeze sababu, kwa kuwa ndizo alizoomba.

Mtoto akiwa tumboni, wiki ya tatu na ya nne tangu yai kurutubishwa, mgongoni kwake hujikunja mrija ambao baadaye utakuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwenye ukingo wa juu wa mrija huo kuna seli ambazo hazibaki pale zilipozaliwa. Hung'oka na kusafiri mbali. Wataalamu huziita seli za ukingo wa neva. Zikifika ziendako hutengeneza mifupa na gegedu za uso, taya, sikio la nje na vifupa vya sikio la kati, neva nyingi zilizo nje ya ubongo, na seli zinazotupa rangi ya ngozi. Nyingine hushuka kifuani na kusaidia kugawa mshipa mmoja mkubwa unaotoka kwenye moyo uwe miwili, wa kwenda mapafuni na wa kwenda mwilini. Hata thaimasi, ile tezi ya kinga ya mwili iliyo kifuani, inazihitaji.

Seli hizo zinajuaje pa kwenda na cha kuwa? Moja ya ishara ni asidi ya retinoiki, ambayo mwili wenyewe huitengeneza kutokana na vitamini A. Upande wa nyuma wa kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mdogo sana tumboni, kuna kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachoitengeneza, na mbele kuna kingine kinachoivunja. Ikawa nyingi huku, kidogo kule, na seli ikisoma kiasi kilichopo huwasha jeni za mahali pake.

Isotretinoini ni ndugu wa damu wa asidi hiyohiyo. Ukiimeza, ishara hutapakaa kila mahali. Chukua basi la Mtwara kwenda Masasi: konda akitangaza "Ndanda!" mkiwa bado Mtama, abiria watashuka pasipo pao, na basi halirudi nyuma kuwachukua. Seli za mbele hujiona ziko nyuma, nyingine hufa njiani. Ndiyo maana madhara yake yanafuatana: masikio madogo au kukosekana kabisa, taya dogo, kasoro za mishipa mikubwa ya moyo, thaimasi isiyokamilika, na ubongo pia.

Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kufikia 1985 Edward Lammer na wenzake walikuwa wamechapisha taarifa za mimba 154 zilizokutana nayo. Watoto 21 walizaliwa na kasoro kubwa, na kasoro zile zilifanana mtoto kwa mtoto. Kule kufanana ndiko kulikowafanya wazitazame seli za ukingo wa neva.

Na upungufu nao ni hatari. Mwaka 1933 huko Texas, Fred Hale alieleza habari za nguruwe jike aliyelishwa chakula kisicho na vitamini A. Alizaa watoto 11, wote hawana macho. Kwa hiyo mdogo wako asikutishe ukaacha chakula.

Mama Wawili Nachingwea

Mimi naona kapsuli ya mtoto haiwezi kumdhuru mtu mzima. Kama mtoto wa mwaka mmoja anapewa na anacheza vizuri, mama je?

Mkunga Lindi

Mama Wawili, hapana, na naomba wote mlioko kwenye uzi huu mlisome hili. Kapsuli nyekundu ina yuniti 200,000, ile ya bluu 100,000. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupewa mara moja kila miezi sita, naye viungo vyake vimeshaumbwa. Mjamzito, au anayetafuta mimba, hatakiwi kuzidisha yuniti 10,000 kwa siku za vitamini A iliyo tayari, ile ya wanyama au ya vidonge. Kapsuli moja nyekundu ni mara ishirini ya hapo.

Na muda wenyewe ndio unaonitia hofu. Seli anazozieleza Mwalimu huanza safari wakati mama amechelewa siku zake wiki moja au mbili tu. Wengi wanakuja kliniki miezi miwili baadaye.

Maini: gramu 100 za maini ya ng'ombe zina takriban yuniti 16,000. Ukila kila siku, umeshapita. Yaache kuanzia sasa hadi ujifungue. Papai, maembe, viazi lishe, matembele, kisamvu: kula bila wasiwasi. Humo kuna beta-karotini, na mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, hauzidishi. Anza pia foliki asidi, miligramu 0.4 kila siku, tangu sasa kabla ya mimba.

Binti Masasi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimetazama boksi, ni isotretinoini, siyo ile nyingine. Mume wangu nimemsomea maelezo ya Mwalimu, amekubali tusubiri. Mdogo wangu nitamwonyesha uzi wenyewe. Kinachobaki ni maini. Mama mkwe anayatoa buchani mwenyewe asubuhi, anayakaanga na vitunguu, anakaa pembeni kunitazama nikila. Nikikataa ataona namdharau.

Bibi Shangani

Mwanangu, usimkatalie mezani mbele ya sahani. Mfuate jikoni akiwa peke yake, umwamkie, umwambie: "Mama, daktari amenikataza maini kwa ajili ya mjukuu wako. Naomba unipikie dagaa na kunde, au nyama, na ndimu ya kukamulia." Hayo yote yanaongeza damu. Ukimpa kazi nyingine ya kukutunza, moyo wake hautaumia. Sisi wazee hatutaki kukosa la kufanya. Na mumeo awe amezungumza naye kwanza, maana ni mama yake.

Kijana wa Kilwa

Samahani kuingilia uzi wa watu. Dada yangu anameza dawa hiihii, aliipata kwa rafiki yake. Jana amepima, ana mimba. Analia tu. Kuna mtu kamwambia akanunue dawa ya kuitoa. Tufanyeje?

Mkunga Lindi

Kijana wa Kilwa, vidonge viachwe leo hii, asimalizie hata kimoja. Dawa za kutoa za mitaani zisikaribie mdomo wake, zinaua. Si kila mtoto aliyekutana na isotretinoini huzaliwa na kasoro. Makadirio ni kati ya asilimia 20 na 35. Ni hatari kubwa, lakini hakuna anayeweza kumwambia hatima ya mtoto wake kwa kukisia, wala mimi.

Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa aonane na daktari wa wanawake, kesho asubuhi. Abebe boksi la dawa, aandike tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho na siku aliyomeza kidonge cha mwisho. Daktari atahesabu kutoka hapo. Baadaye, kati ya wiki 18 na 22, aulizie utrasaundi ya kuangalia moyo na uso wa mtoto. Na wewe usimwache aende peke yake.