Ushauri: Kanda ya VHS ya The Lion King imeota ukungu na deki inakula utepe. Naiokoaje? (Mwanza)

MwanaKirumba

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kanda ya VHS ya The Lion King, katuni ile ya 1994, lebo inasema PAL (mfumo wa picha za TV). Imekaa kabatini Kirumba miaka na miaka. Ndiyo katuni ya maisha yangu, nyingine zote zilikuja baadaye, na sasa nataka wanangu waione ileile niliyoiona mimi. Tatizo: ukichungulia kwenye kidirisha unaona unga mweupe kwenye kingo za utepe. Deki iliyopo inawaka, inameza kanda, inacheza sekunde chache kisha inajizima na kuitema utepe ukiwa unaning'inia nje.

Je, huo unga unasafishika au ndiyo basi tena? Deki inatengenezeka? Halafu kuna jambo la tatu. Nina diski niliyonunua baadaye, lakini sivyo ilivyokuwa. Kuna wimbo ambao kwenye kanda haupo, na muziki wote unasikika kama umepoa. Ni masikio yangu?

Kichwa_Ngumu

Tupa hiyo, tafuta mtandaoni upakue. Mambo ya VHS karne hii?

FundiDekiIgoma

Kichwa_Ngumu, kaka kauliza namna ya kuokoa, hajauliza mahali pa kutupa.

MwanaKirumba, kwanza usiiingize tena hiyo kanda kwenye deki yoyote. Unga huo ni ukungu. Makabati mengi ya huku yameegemea ukuta wa nje, masika yakipita ukuta unabaki na unyevu, na utepe unaanza kuota kwenye kingo kwa sababu ndiko hewa inakoingilia. Ukiucheza hivyo, ukungu unaganda kwenye hedi (visomeo vya picha ndani ya deki), picha inageuka chenga tupu, na kila kanda itakayofuata inaambukizwa.

Anza kwa kuikausha. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka kanda pamoja na silika jeli mpya, acha wiki moja mpaka mbili. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vimeshakunywa unyevu zamani, havikusaidii. Mchele nao usiweke, una vumbi. Na usianike juani! Jua la saa saba linapinda kasha, na utepe wenyewe unajikunja usinyooke tena. Draya ya nywele ni hivyohivyo. Ukungu ukikauka unakuwa unga mkavu unaofutika. Ukiwa mbichi unapakaa kama masizi.

Ukishakauka, fanyia kazi barazani, siyo chumbani, na vaa barakoa na glavu. Geuza kanda, chini kuna skrubu tano za nyota. Zifungue, kisha igeuze tena irudi kama ilivyokuwa kabla hujainua kifuniko, la sivyo magurudumu yanaanguka na vispringi vinaruka. Piga picha kwa simu njia ya utepe kabla hujagusa chochote.

Tafuta kanda nyingine isiyo na thamani, toa vya ndani, kasha lake lisafishe vizuri. Humo ndimo utahamishia magurudumu yako, kwa sababu kasha la zamani lina vumbi la ukungu kila kona na litaambukiza upya. Futa kingo za utepe ulioviringwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo tu kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Spiriti ya bluu hapana. Ile ya asilimia 70 nayo ina maji mengi, utakuwa umerudisha unyevu ulioutoa.

Kisha viringa utepe kwa mkono kutoka gurudumu moja hadi jingine, ukiupitisha katikati ya kitambaa kikavu kilichokunjwa, kwa kubana kidogo sana. Filamu hiyo kwa kasi ya PAL, milimita 23.39 kwa sekunde, inakula karibu mita 120 za utepe, kwa hiyo jipange kwa kazi ya jioni nzima. Kila mita chache sogeza kitambaa, tumia sehemu safi. Upande unaotazama nje ndio wenye sumaku, ndio wenye picha. Huo usiuguse kwa kidole.

BintiNyegezi

Fundi umemaliza, ila kwenye alkoholi ningeongeza tahadhari: kingo tu, uso wa utepe usiuloweshe. Kuna tepe ambazo gundi inayoshika sumaku imeshachoka, ukipaka kimiminika rangi ya kahawia inabaki kwenye kitambaa. Ukiona kahawia, acha papo hapo. Hiyo ni picha inaondoka, siyo uchafu.

FundiDekiIgoma

Sahihi kabisa dada.

Sasa deki. Dalili uliyoeleza inajisema yenyewe. Utepe unavutwa na nguzo nyembamba ya chuma ikibanwa na roli ya mpira. Gurudumu la kulia la kanda linatakiwa liukunje utepe kadiri unavyotoka. Lisipozunguka, utepe unajaa ndani kama tambi, sensa inagundua gurudumu limesimama, deki inajizima baada ya sekunde chache. Ndicho kinachokupata. Kinachozungusha gurudumu hilo ni mkanda wa mpira, au kigurudumu kidogo chenye pete ya mpira, kutegemea muundo, na mpira ukikaa miaka yote hiyo unalegea au unakuwa mgumu na kuteleza.

Chomoa umeme, fungua kifuniko cha juu. Kaa mbali na sehemu ya pawa hata kama umechomoa, kapasita zinabaki na chaji. Kama ni kigurudumu chenye pete, isugue kidogo kwa msasa laini kisha ifute kwa alkoholi, utapata muda wa kutazama filamu kadhaa, lakini dawa ni kubadilisha. Kama ni mkanda, utoe, ulaze bapa bila kuuvuta, pima urefu wake ukiwa umekunjwa mara mbili, zidisha kwa mbili. Mpya uwe mfupi kwa kama asilimia 5, kwa sababu ule wa zamani umeshatanuka. Angalia na umbo: kuna ya mraba na kuna bapa, haziingiliani.

Grisi ya zamani kwenye njia za vibebea utepe huwa imekuwa nta. Ikwangue, paka nyeupe ya lithiamu kidogo sana. Mafuta ya cherehani yanatiririka mpaka kwenye roli ya mpira, na hapo unakuwa umenunua tatizo jipya.

Kusafisha hedi ndiko watu wengi wanakoua deki. Ile ngoma inayong'aa ina kipenyo cha milimita 62 na kwenye PAL inazunguka mara 1,500 kwa dakika, na hedi zenyewe ni vipande vidogo mno vinavyochungulia pembeni yake. Pamba ya masikio inanasa nyuzi na kuvunja hedi. Chukua kipande cha karatasi nyeupe ya printa au ngozi ya shamwa, loweka alkoholi, kishike kimetulia ubavuni mwa ngoma, kisha zungusha ngoma kwa mkono wa pili ukiishika juu. Karatasi haisogei, ngoma ndiyo inayozunguka. Kamwe usifute kwenda juu na chini. Pamba ya masikio itumie kwenye nguzo ya chuma, huko haina shida.

Usijaribie kanda yako. Jaribia ya mahubiri au mazoezi, yoyote usiyoililia, mpaka icheze nusu saa, irudi nyuma mpaka mwanzo na itoke bila kuacha utepe nje.

Sinema_Makoroboi

Nijibu la tatu, maana hilo ndilo ugonjwa wangu.

Masikio yako ni mazima mkuu. Filamu ya sinema inapigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ya PAL inataka 25. Njia rahisi waliyotumia kwenye kanda za PAL ni kuikimbiza filamu kwa asilimia 4 na ushei. Dakika 88 zikawa karibu 84 na nusu, na sauti ikapanda, kama theluthi mbili za nusu toni. Umekua na ule ukelele wa kwanza wa Kizulu wa mwimbaji Lebo M ukiwa juu kidogo kuliko ulivyorekodiwa, na muziki wa Hans Zimmer ukikimbia. Kwa hiyo hiyo "iliyopoa" ndiyo halali, na uliyoizoea ndiyo iliyochemka.

Wimbo mgeni ni ule wa Zazu akimpa Mufasa taarifa ya asubuhi huku Simba akijifunza kuvizia. Mwaka 1994 yalikuwa maongezi tu. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya onyesho la jukwaani la 1997, ukachorewa na kuingizwa kwenye DVD ya 2003. Ukijumlisha dalili zako mbili, unayo DVD ya 2003 ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, kwa maana DVD ya PAL nayo ingekimbia kama kanda. DVD zimegawiwa namba kwa maeneo ya dunia, na deki yako ya DVD haibagui namba hizo, bahati yako, kwani Tanzania tupo namba 5 na diski ya Marekani ni namba 1.

Ingia kwenye menyu ya mwanzo ya diski hiyo, ina matoleo mawili. Chagua la sinema, wimbo utatoka. Ila usidanganyike kwamba ndiyo ya 1994 kamili. Walipoiandaa kwa sinema za skrini kubwa za IMAX mwaka 2002 walichora upya baadhi ya vitu, na michoro hiyo ikabaki. Tazama mamba kwenye wimbo wa Simba mdogo anaoimba kwamba hana subira ya kuwa mfalme, utaona si wale wa kwenye kanda. Blu-ray ya 2011 haina ule wimbo, lakini mamba ni wapya vilevile. Rangi nazo: filamu hii ilipakwa rangi ndani ya kompyuta kwa mfumo wa CAPS, na diski zimetolewa kwenye mafaili hayo moja kwa moja, hazikupita kwenye filamu ya sinema. Ndiyo maana zinawaka kuliko kumbukumbu yako. Mimi naona machweo ya kwenye diski yamezidi, lakini hapo ni suala la jicho.

Ukitaka diski iimbe kama kanda, icheze kwa programu ya VLC kwenye kompyuta. Mipangilio, upande wa sauti, zima ile ya kunyoosha muda wa sauti. Kisha kwenye mipangilio yote andika kasi ya kucheza 1.04. Usipozima ile ya kwanza, filamu itakimbia lakini sauti haitapanda, na utaona hujapata ulichokitaka.

MwanaKirumba

Nimewaelewa sana, asanteni. Swali la nyongeza: deki ikipona, naweza kuipitisha kwenye kile kifaa cha USB cha kunasa video ili niweke kwenye flashi? Jamaa ameniambia kwenye kanda za dukani picha inakuwa inafifia na kuwaka, inafifia na kuwaka.

BintiNyegezi

Huo si ubovu, ni Macrovision. Kanda za dukani ziliwekewa mapigo kwenye mistari ya juu isiyoonekana, TV inayapuuza lakini saketi ya kurekodi inayapima kama mwanga na kuanza kupandisha na kushusha. Iliwekwa makusudi kuzuia kunakili, na filamu ina mwenyewe, kwa hiyo huko usihangaike. Diski unayo. Ya kuhifadhi iwe diski, kanda iwe ya kutazama.

Kifaa cha USB kitakufaa kwa kanda za familia, kama zipo kabatini humo: harusi, kipaimara. Hizo ndizo hazina nakala dukani. Nasa kwa 720 kwa 576, picha 25, na acha mistari ya picha inayopishana (interlaced) ilivyo wakati wa kunasa, utaitenganisha baadaye. Ukinasa kwa mfumo wa DV andaa gigabaiti 13 kwa kila saa.

Kwenye kutazama, unganisha deki kwa TV moja kwa moja kwa nyaya za njano, nyeupe na nyekundu. TV bapa nyingi zina tundu moja dogo la AV linalotaka waya wa kugawa, na mpangilio wa rangi wa nyaya hizo haufanani. Ukisikia sauti inanguruma na picha haipo, badilisha nyaya kabla ya kulaumu deki. Weka umbo la picha 4:3. Ukiacha TV iivute, Pumbaa anakuwa mnene kuliko alivyozaliwa.

FundiDekiIgoma

Niongeze mawili. Mistari ikionekana chini au juu ya picha, rekebisha traki kwa kitufe taratibu, usikimbilie kufungua deki. Na usisimamishe picha kwa muda mrefu. Ukibonyeza pozi, hedi zinaendelea kusugua palepale. Sehemu zilizochakaa zaidi kwenye kanda za katuni ni zile nyimbo zilizorudiwarudiwa na watoto, hivyo tarajia chenga kidogo ukifika Hakuna Matata.

Umeme ukikatika kanda ikiwa ndani, usiing'oe kwa nguvu. Utepe unakuwa umezungushiwa ngoma. Subiri urudi, deki nyingi zinaurudisha zenyewe.

Sinema_Makoroboi

Kabla hujaanza kufungua chochote, angalia ubavu wenye lebo ndefu, mwisho wake mmoja. Kanda za dukani zina tundu pale, ili deki isiweze kurekodi juu yake. Zamani watu walikuwa wanaziba tundu hilo kwa selotepu na kurekodi mechi au ubarikio. Ukikuta selotepu, ibandue kwanza, kisha jiandae kisaikolojia kwamba baada ya nusu saa Simba anaweza kugeuka mechi ya timu ya Pamba.