Kuku wa kienyeji haivi upesi hapa Mbeya: ninyi mnampikaje?

Mgeni wa Uyole ameandika:

Habari zenu ndugu zangu. Nilihamia Mbeya mwezi wa kwanza kumfuata mume wangu kikazi, na kabla ya hapo maisha yangu yote yalikuwa Tanga. Kule kwetu nilijihesabu kuwa mpishi mzuri wa kuku, lakini tangu nifike huku nimeaibika mara tatu mbele ya wageni. Ninanunua jogoo wa kienyeji Mwanjelwa, ninamchinja na kumbandika palepale, ninaongeza mkaa mpaka sufuria linatokota kwa nguvu, na baada ya saa moja na nusu nyama bado inavutana na meno. Kwa muda kama huo, Tanga ningekuwa nimeshapakua.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba karibu na stendi kuna mgahawa mdogo wa mama lishe ambapo kuku wa kienyeji huletwa na wali wa Kyela, naye anaachia mfupa kwa kuguswa tu na kijiko, huku mchuzi wake ukiwa mzito na wenye harufu ya kuku kwelikweli. Nimejiuliza kama tatizo ni mkaa wa huku au ni mimi mwenyewe. Sitaki kuhamia kwa kuku wa kisasa, kwa sababu mchuzi wa kienyeji ndio ninaoupenda. Jumamosi ijayo kaka mkubwa wa mume wangu anakuja kutoka Tukuyu, nami naomba msaada wenu wa dhati.

Mama Lishe wa Mafiati amejibu:

Pole mwanangu, na karibu Mbeya. Mimi ninauza chakula mwaka wa kumi na moja sasa, na makosa ninayoyaona katika maelezo yako ni mawili kabla hata hatujafika jikoni.

La kwanza ni kuku mwenyewe. Jogoo mkubwa anapendeza kumtazama, lakini mwangalie mguuni: ikiwa kipi, yaani ule mwiba wa mguuni, kimerefuka na kuwa kigumu, huyo ni mzee, na nyama yake inataka subira ya nusu siku. Kwa mlo wa familia mimi huchagua tembe ambaye ndiyo kwanza anakaribia kutaga, kwa kuwa ana mafuta kidogo chini ya ngozi na mifupa yake haijakomaa sana. Jogoo mzee ninamwacha kwa supu ya asubuhi, na huko hana mpinzani.

La pili ni kumchinja na kumbandika palepale. Nyama ya mnyama aliyetoka kuchinjwa hukakamaa, kisha hulegea yenyewe baada ya saa kadhaa. Mimi huchinja jioni, ninamnyonyoa, ninamsafisha na kumkatakata, ninampaka chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu kidogo, halafu ninamhifadhi kwenye friji mpaka asubuhi. Ukimbandika, maji yamfunike tu. Yakishachemka, punguza moto hadi yawe yanatikisika polepole, funika vizuri, na usiwe mtu wa kufunua kila dakika. Vitunguu na nyanya vinafuata baadaye kabisa, nyama ikishalainika na supu ikishapungua. Wanaopenda kumkaanga hutoa vipande, wakavikausha maji na kuvipitisha haraka katika mafuta ya alizeti yaliyopata moto, kisha wakavirudisha kwenye mchuzi. Ukimkaanga kabla hajalainika, hakuna mchuzi utakaomwokoa.

Mwalimu wa Iringa amejibu:

Ninaafikiana na mama hapo juu kwa kila neno, nami ningependa kuongeza sababu ambayo wengi wanaohamia nyanda za juu hawaambiwi. Tanga iko usawa wa bahari, na maji huchemka huko yakifikia nyuzijoto 100. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, na kwa hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 94 hivi. Yakishaanza kuchemka hayapandi tena, hata ukijaza jiko mkaa hadi pomoni; moto wa ziada unayageuza tu kuwa mvuke, na sufuria linakauka mapema huku nyama ikiwa bado ngumu. Kwa hiyo mkaa wa Mbeya hauna kosa lolote.

Kinachomfanya kuku wa kienyeji awe mgumu ni zile nyuzi zinazoshikamanisha misuli na mifupa, ambazo huimarika kadiri kuku anavyokomaa na kutembea. Nyuzi hizo hulainika na kuwa kama utelezi kwa joto na kwa muda, na ndio utelezi huohuo unaoufanya mchuzi kuwa mzito kama ule ulioupenda pale mgahawani. Joto likipungua, muda hauna budi kuongezeka. Bila shaka umeshaliona jambo hilohilo kwenye maharage. Kama una haraka, sufuria la presha linafungia mvuke ndani na kulipandisha joto kupita nyuzi 110, hivyo dakika 40 au 50 humtosha kuku ambaye hajazeeka sana.

Mpenda Kuku wa Makambako amejibu:

Mwalimu, hesabu zako ninazikubali, ila juu ya sufuria la presha tunatofautiana kidogo. Linalainisha, ni kweli, lakini huwezi kuonja wala kujua umefikia wapi, na dakika kumi za ziada zinatosha kuzitenganisha nyuzi za kidari zikawa kama pamba. Nyumbani kwangu tunatumia chungu na moto wa magogo mawili, na mchuzi unaotoka humo sijaupata penginepo.

Dada mgeni, usimdharau sana kuku wa kisasa. Huyo huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, hivyo hana ugumu wa kupambana nao, na kosa la watu wengi ni kumchemsha kwa saa nzima kana kwamba ni wa kienyeji. Dakika 20 za kumchemsha na viungo, kisha mafuta ya moto hadi ngozi ikauke, zinamtosha. Kwenye vibanda vya chipsi huku kwetu, ambako viazi vya Njombe havina mfano, mimi huomba nikaangiwe kipande kipya mbele yangu badala ya kile kilichokaa kabatini tangu mchana, nami ninasubiri kwa furaha. Kachumbari na pilipili ya kusaga vikiwa pembeni, hicho ni chakula cha heshima kabisa.

Mgeni wa Uyole ameandika:

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Kwa ajili ya Jumamosi nilipata tembe wawili, nikawachinja Ijumaa jioni na kuwaacha na viungo hadi asubuhi. Niliwapika kwa moto mdogo, na niliposikia mikono inawasha kutaka kuongeza mkaa nilimkumbuka mwalimu nikajizuia. Ilichukua saa mbili na dakika kumi hivi. Firigisi nilimwekea shemeji kama ilivyo desturi, naye aliomba aongezwe mchuzi mara mbili, akaumwagia kwenye ndizi alizotuletea mwenyewe kutoka Tukuyu. Mama, naomba unielekeze jambo moja zaidi: ile supu ya jogoo mzee unaibandika saa ngapi ili iwe tayari asubuhi?

Mama Lishe wa Mafiati amejibu:

Marahaba mwanangu, nimefurahi sana. Jogoo ninambandika saa tisa za usiku kwa moto wa mkaa uliofunikwa majivu kidogo, na saa moja asubuhi wateja wa kwanza wanapokaa, ninaanza kupakua. Ndimu na pilipili huwekwa mezani, usiviweke kwenye sufuria.