Ati "ndivyo ilivyobuniwa"! Huyu jamaa wa mfumo ataua wagonjwa

Jalada_Moto: Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule fundi wa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, wa "mfumo wetu ni wa hati, majedwali ni ya wazee". Kaonyeshwa mgonjwa mmoja mwenye kweli mbili: jalada kuu linasema ana mzio wa penisilini, hati ya dawa inasema hana. Mgonjwa yuleyule, dakika ileile! Akatazama, akapiga mwayo, akasema: "Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyobuniwa."

NDIVYO ILIVYOBUNIWA!

Mzio kaunakili ndani ya kila hati: ya hudhurio, ya dawa, ya rufaa, ya kuruhusiwa. Ukisahihisha moja, nyingine zinabaki na uongo wa zamani, maana hakuna kinachozilazimisha zikubaliane. MongoDB, hifadhidata yenyewe anayotumia, ina miamala ya hati nyingi (zote zinabadilika pamoja au haibadiliki hata moja) tangu toleo la 4.0, mwaka 2018. Hagusi. Ukaguzi wa umbo la hati kauzima, eti "unachelewesha". Basi tarehe huku ni tarehe, kule ni maandishi matupu. Ukizipanga, 10 inatangulia 9, na kuna mtoto kachanjwa kabla hajazaliwa.

Na alipiga mwayo, wakuu. Mwayo!

Seva_Kongwe: Wako afadhali. Wetu anatumia CouchDB, hifadhidata nyingine ya hati. Tableti ya wodini ikituma hati yenye _rev (alama ya toleo la hati) iliyopitwa, seva inakataa kwa 409, yaani kosa la mgongano, na ni haki yake. Sasa huyu fundi kaandika: ukipata 409, chota _rev mpya, ibandike kwenye hati ileile ya zamani, tuma tena. Dozi aliyopunguza daktari imerudi ilivyokuwa, na skrini inaandika "Imehifadhiwa" kwa kijani kibichi.

Kibogoyo: Mleta uzi, fomu ya majaribio ilisainiwa na nani vile?

Jalada_Moto: Majaribio yalikuwa na mgonjwa MMOJA mwenye hati MOJA! Ingepingana na nani? Na mwayo je, nao niliusaini?

Kibogoyo: 😂😂 Ndivyo ulivyobuniwa mkuu.

Mpima_Damu: Nyie mna mizio tu. Sisi sukari inaingia "7", kipimo hakuna. 7 ya mmol/L ni 126 ya mg/dL; 7 ya mg/dL huyo mkimbilieni na glukosi sasa hivi. Programu inazichora zote kwenye grafu moja, mstari unaruka kama panzi.

Zamu_ya_Usiku: Grafu! Njooni msome maelezo ya kunakili na kubandika. "Mguu wa kulia umekatwa. Nyayo zote mbili hazina vidonda." Siku 5 mfululizo, saini 5 tofauti.

Mpima_Damu: Huo wa kulia kweli hauna kidonda 😂

Seva_Kongwe: Hapo hata miamala haisaidii.

Jalada_Moto: Jamani, turudi kwenye mwayo.

Zamu_ya_Usiku: Ngoja kwanza. Nani anajua kuzuia skrini isikutoe kila dakika 2?

Kibogoyo: Dakika 2 unalalamika? Yetu inakutoa ungali unaandika nywila.