Kijana kachaguliwa na timu ya WHL, baba yake anataka junia mimi nataka chuo, naombeni ushauri

MamaBeki_Calgary:
Habari za humu wapendwa. Tupo Calgary, kijana wetu ana miaka 15 anacheza hoki ya barafuni, ni beki, na mwezi wa tano timu moja ya WHL, ile ligi ya junia (ya vijana) ya huku magharibi, ikamchagua kwenye drafti yao, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, raundi za chini lakini kachaguliwa. Mwisho wa mwezi wa nane wanamtaka kambini na wameshadokeza akiwaridhisha watamsainisha. Baba yake hata usingizi hapati kwa furaha, anasema mastaa wa NHL, ligi kuu ya kulipwa, kina McDavid na Bedard wote wametokea junia, tusilaze damu. Mimi roho inasita jamani, mtoto wa 16 akaishi kwa familia ya watu mji mwingine, mechi 68 kwa msimu, usiku kwenye basi asubuhi darasani, hiyo shule itasomwa saa ngapi? Naona abaki nyumbani acheze ligi za chini kidogo kisha aende chuo Marekani, si Celebrini alipitia Boston University na bado akawa wa kwanza drafti ya NHL 2024? Halafu siku zote naambiwa ukigusa tu WHL vyuo vya Marekani havikutaki tena, hiyo bado ipo?

Kaka_Saskatoon:
Hongera kwanza dada, kuchaguliwa si jambo dogo. Hiyo sheria haipo tena. Zamani NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo vya Marekani, walikuwa wanahesabu WHL na junia wenzake, OHL ya Ontario na ligi ya Quebec, kama pro (ligi za kulipwa), kwa sababu ya posho na kwa sababu humo wamo vijana wenye mikataba ya NHL, ukicheza huko chuo cha Marekani ndo basi. Novemba 2024 wakapiga kura kuiondoa, ikaanza kutumika Agosti 1, 2025. Ndo maana yule kijana Gavin McKenna katoka timu ya WHL ya Medicine Hat, hapohapo Alberta kwenu, akaenda zake chuo cha Penn State, Marekani. Kinachokufungia sasa ni kusaini mkataba wa NHL, sio kuvaa jezi ya WHL. Kwa hiyo wewe na shemeji mnaweza mkapata vyote viwili, acheze junia mpaka 18 au 19 ndo aende chuo.

beki_mstaafu:
Kaka yuko sawa ila kuna upande watu hawausemi. Ruhusa imetoka kwa wote, sasa kocha wa chuo anayetafuta beki anaweza kuchukua kijana wa 19 au 20 aliyeshakomaa WHL, na timu za Division I, daraja la juu la vyuo, ni sitini na kitu tu, so yule aliyebaki ligi za chini akisubiri chuo foleni imemrefukia. Najua wa Calgary mnamwangalia Cale Makar, beki wa NHL wa huko kwenu, timu ya WHL ilimchagua akaamua kubaki Brooks, timu ya ligi ya chini hapo Alberta, akaenda chuo cha UMass akachukua Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2019. Sawa, lakini enzi zake ilikuwa lazima uchague moja. Leo nisingeifuata ile njia kichwakichwa.

Kwenye mwili mama una hoja. Chuo ni mechi kama 34 kabla ya mtoano, nyingi Ijumaa na Jumamosi, katikati ya wiki ni mazoezi na jimu, kijana mwembamba anajengeka. Ila cha kuuliza kambini ni kimoja, akiwa na 16 atacheza dakika ngapi? Muulizeni kocha mabeki wake wa umri huo msimu uliopita walicheza mechi ngapi, msikubali maneno matupu. Kama atakuwa hapangwi, anavaa suti anakaa jukwaani, basi abaki U18 (timu za chini ya miaka 18) hapo nyumbani aingie barafuni kila zamu, aende WHL na 17. Beki anajifunza kwa kubanwa kwenye kona na watu wenye nguvu kuliko yeye, kutazama wenzake hakumsaidii.

DadaWaAda:
Kwenye hela pia msome vizuri. WHL kila msimu anaocheza anapata mwaka mmoja wa chuo, ada, vitabu na michango ya lazima, lakini ulizeni anatakiwa aanze kuitumia lini na akisaini pro inakuwaje. Na huko Marekani sio kila chuo ni bure, Harvard na Cornell ni Ivy League, hawatoi kabisa skolashipu ya michezo, wanaangalia kipato cha familia. Halafu mbona mnasahau vyuo vya Kanada? Joel Ward, wazazi wake wametoka Barbados, alicheza OHL hakuna timu ya NHL iliyomdrafti, akaenda Chuo Kikuu cha Prince Edward Island miaka minne kisha akaja kucheza NHL mechi zaidi ya 700. Mtoto wetu mweusi na raundi za chini kama hivi, mimi huyo ndo mfano ningemwonyesha.

MamaBeki_Calgary:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Huyu Ward nilikuwa simjui. Sasa kinachonitisha ni hesabu, alama zake zinayumba, hilo litamkwamisha NCAA?

Kaka_Saskatoon:
Linaweza. NCAA wanataka masomo 16 waliyoyapitisha wao, na yanaanza kuhesabiwa gredi ya 9, hawasubiri mwaka wa mwisho. Shule ikifunguliwa nenda kwa mshauri wa masomo na orodha yake mkononi, muangalie hesabu anayosoma inakubalika au ni ile nyepesi isiyohesabiwa, na mtafutieni tyuta mapema. Kambini aende tu, kwenda kambini sio kusaini.

MamaBeki_Calgary:
Basi kambini ataenda. Kuhusu kusaini nimemwambia baba yake tusubiri tusikie kwanza hizo dakika, na kakubali.