Tupeane uzoefu: siku uliyotembea mlimani peke yako

Mwenye mada, Bukavu

Wandugu, hamjambo. Tangu vita vifike mjini Februari 2025, kwetu nyumbani hakuna anayewaza kupanda mlima, tunawaza kesho watoto watakula nini. Lakini juzi nilikuwa Kavumu, mvua ikakatika ghafla, na mlima Kahuzi ukajitokeza mzima mzima juu ya mawingu. Nilisimama barabarani hadi motari akaniuliza kama nimepotea. Nimeikumbuka siku moja, na ningependa kusikia za kwenu pia. Si lazima uwe umefika kileleni.

Yangu ni ya mwishoni mwa Septemba, miaka michache kabla ya vita kufika mjini. Tulichanga pesa watu watano. Usiku mvua ikanyesha kwa fujo, na asubuhi wanne wakazima simu. Nikaenda hivyo hivyo: Bukavu hadi Miti, kisha kukata kushoto na kupandisha hadi Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Kule kwenda peke yako maana yake ni kuwa mgeni pekee, kwa sababu huingii msituni bila walinzi. Mbele yetu alitangulia mzee mmoja Mtwa, wa watu walioishi msituni zamani, kazi yake kufuata nyayo za ngagi, yaani gorila.

Kahuzi una mita 3,308. Kilichonichosha si urefu, ni matope. Unainua mguu, buti linabaki nyuma. Tulipoingia kwenye mianzi mzee akachuchumaa, akaniita kwa kidole. Chini kulikuwa na maganda ya chipukizi la mwanzi, yamemenywa moja moja na kurundikwa vizuri, kama mama aliyemenya mahindi. Ndani bado yalikuwa na unyevu. Akaninong'oneza, "Wamekula asubuhi hii." Mvua za Septemba zikianza chipukizi huota, na ngagi huhamia kwenye mianzi kuzifuata.

Juu kabisa kulikuwa na ukungu mtupu na miti mifupi yenye ndevu za kijivu. Sikuona Bukavu wala ziwa. Tuliposhuka, mzee akasimama mahali tambarare ambapo mimi sikuona chochote, majani tu. Akasema, "Hapa ndipo kwetu." Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Batwa wakatolewa msituni. Yeye alitoka akiwa mtoto, amebebwa mgongoni. Akaniomba nipige picha pale. Nikapiga. Walinzi walikaa kimya, na njia nzima hadi barabarani hakuna aliyeongea.

Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulipotangazwa, kwamba Batwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa, mtu wa kwanza niliyemkumbuka ni yule mzee. Haya, nawaachia.

Mtoto wa Goma

Aksanti dada. Mimi nilipanda Nyiragongo, volkano yetu ya Goma, mwaka 2019. Kundi letu lilikuwa la wageni ambao sikuelewa lugha yao, kwa hiyo ni kama nilikuwa peke yangu, kilomita nane toka Kibati sina wa kuongea naye. Nilienda kwa sababu moja: tarehe 17 Januari 2002 volkano ilichukua nyumba ya baba. Nilikuwa na miaka sita. Tulikimbilia Gisenyi na godoro moja na sufuria ya maharagwe iliyokuwa bado inachemka. Mama aliibeba na kifuniko chake.

Njia inapita juu ya mawe ya volkano yenyewe. Yanasagika chini ya kiatu kama vipande vya vigae, na ukianguka yanakuchana. Ni mawe yale yale tunayojengea kuta zetu mjini. Huko juu, mita 3,470, baridi inaingia kwenye mifupa. Wengine walipoenda kwenye vibanda kulala, mimi nilibaki ukingoni nimejifunika blanketi. Chini ziwa la moto linapasuka na kujifunga, linapasuka tena, na sauti yake ni kama mawimbi ya Ziwa Kivu usiku wa upepo. Nikigeuka, taa za Goma. Niligeuka huku na huku karibu saa nzima. Nilikuwa nimepanda na hasira ya miaka kumi na saba, nikataka kusema neno, sikulipata.

Tarehe 22 Mei 2021 ikalipuka tena. Safari hiyo nilimbeba mtoto wangu mwenyewe.

Wa Kenya, Lubumbashi

(Kenya yetu ya hapa mjini, msichanganye.) Sisi milima kama hiyo hatuna. Nilienda Hifadhi ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Nilifika mwezi wa kumi, kabla ya mvua, nikakuta maji membamba kama uzi. Nendeni baada ya mvua.

Binti Kadutu, Virginia

Dada, nimesoma habari ya yule mzee nikiwa kwenye mapumziko kazini, ikabidi nitoke nje.

Mimi sasa naishi Marekani, nafanya kazi kiwanda cha kuku. Oktoba iliyopita nilipata Jumatatu moja ya kupumzika nikaenda Hifadhi ya Shenandoah. Huku unaingia peke yako kweli, hakuna mlinzi wala wa kukuongoza. Unafuata alama za rangi ya buluu kwenye miti, na kwenye njia panda kuna nguzo ya saruji yenye utepe wa chuma ulioandikwa umbali. Simu haishiki. Nilimwachia dada yangu karatasi: nashukia wapi, narudi saa ngapi.

Ni majira ya majani kuanguka. Msitu mzima ni manjano na nyekundu, na majani yakianguka yanafunika mawe, hujui unakanyaga nini. Niliteleza mara tatu. Njia inateremka hadi bonde linaloitwa Nicholson Hollow, na huko nikakuta ukuta wa mawe katikati ya msitu, umepangwa vizuri, haulindi kitu. Nikakuta na nyumba ya magogo ya mtu aliyeitwa George Corbin.

Nilidhani ni kambi ya wawindaji. Kumbe hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1935, wenyeji, mamia ya familia, waliondolewa. Mawe ya makaburi yao bado yako msituni, mengine hayana hata jina. Nilikaa kwenye ule ukuta nikala chapati yangu. Nilitamani kupiga hodi.

Huku mwezi huo jua linazama mapema, nikapandisha nikikimbia. Niambie jambo moja: ile picha ulimfikishia mzee?

Mwenye mada, Bukavu

Nilimfikishia. Niliisafisha kubwa, nikampelekea nyumbani kwake. Akawaita wajukuu, akaiweka juu ya magoti, akapitisha kidole kwenye yale majani: mafiga yalikuwa hapa, bibi yenu alilala hapa. Kisha akaniuliza kwa nini sikupiga na upande wa kijito.

Nilimwambia nitarudi kuupiga. Sijarudi bado.