Mrejesho: Matembezi ya bei nafuu Rungwe

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza pa kutembea Tukuyu na Rungwe bila kukodi gari. Nilifuata ushauri wa daladala ya Mbeya–Tukuyu, kisha bodaboda na mwenyeji wa kutuongoza msituni. Ngosi, mlima wenye ziwa la kreta juu yake, tulipanda kwenye tope na mizizi, ila juu ukungu ulifunika ziwa lote, tulisubiri, haukuondoka. Mkienda, nendeni kiangazi, asubuhi mapema. Daraja la Mungu, lile la mwamba wa volkano juu ya Mto Kiwira, limenifurahisha kuliko vyote! Kijungu, pale maji yanapozunguka kwenye shimo la mwamba kama chungu, nacho kizuri mno, tena ni mto uleule. Maporomoko ya Kaporogwe sikufika, mvua iliharibu njia. Aliyesisitiza koti la mvua na viatu visivyoteleza, Mungu akubariki.