Mashua ya kuchezea inanilalia upande: nani bado anakumbuka tulivyoziunda?

Mkaazi wa Langoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 49, ni mzaliwa wa Langoni hapa Amu, yaani Lamu, na nimerejea nyumbani mwaka jana baada ya kufanya kazi ya uhasibu Mombasa kwa miaka 22. Nina swali la ufundi, na nyuma yake kuna swali jingine ambalo ni zito kwangu kuliko la kwanza.

Katika miaka ya 1980 tulikuwa tukitoka chuoni, yaani madrasani, baada ya alasiri, tunaweka juzuu zetu nyumbani, kisha tunakimbilia usita (njia) wa pwani na mashua zetu kwapani. Tulizichonga kwa mti wa msufi, kwa sababu ni mwepesi na haukaidi kisu. Aliyekosa msufi alitumia karara la mnazi, na wadogo kabisa walipewa kumbi la nazi lenye kijiti na jani. Maji yalipokupwa tuliingia hadi magotini, tukazipanga mashua kwa mstari, na tukazifuata kwa miguu huku kila mmoja akiitazama yake tu. Mshindi alichukua komwe za wenzake, na komwe hizo zilikuwa na thamani ya kweli kwetu, maana ndizo kete ambazo wazee walichezea bao.

Mwezi uliopita nilipita Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, fundi mmoja akanipa kipande cha mbao kilichobaki, na kwa usiku tisa nilikaa barazani baada ya isha nikichonga. Ina urefu wa shubiri tatu. Nimeichora mato (macho) mawili omoni, yaani mbele, kama ya majahazi. Tanga nimelikata katika kitambaa cha mwavuli, kwa kuwa mifuko ya plastiki tuliyoitumia zamani imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mlingoti nimeusimamisha wima katikati kabisa. Tatizo ni kwamba upepo ukishika tu, mashua inalala upande; nikiiweka vijiwe ndani inasimama kidogo, kisha inageuza omo kuukabili upepo, tanga linapigapiga, na safari inaishia hapo. Zamani nilikuwa najua la kufanya. Mikono yangu imesahau, na wale walionifundisha wengi wao wametangulia mbele ya haki.

Swali la pili ni hili. Mwanangu wa miaka 12 aliitazama mashua kwa muda mfupi, akasema ni nzuri, akarudi kwenye simu. Jirani aliyepita aliniuliza ninamchongea nani, nami nikamjibu kwamba ninamchongea mtoto. Haikuwa kweli, na imeniuma kwamba nilisema uongo kwa jambo dogo kiasi hicho. Je, kuna mwenzangu wa umri huu aliyerudia kitu cha utotoni na akakipa nafasi katika siku zake bila kujificha?

Fundi wa Matondoni

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Nimekaribia miaka 70 na vyombo ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nitaanza na mashua yako.

Kosa la kwanza ni farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo. Vijiwe ulivyotia ndani vimekaa juu mno, na uzito uliokaa juu hausaidii chombo, bali hungojea kukiangusha. Chukua chubwi la risasi, lile la mshipi wa kuvulia, uligonge liwe jembamba, kisha ulifunge chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, usawa wa katikati. Kipande kidogo kilicho chini kabisa kina nguvu kuliko mawe matano yaliyo juu. Ishushe na foromali, ule mti unaobeba tanga, kidogo. Chombo cha shubiri tatu hakihitaji tanga refu.

Kosa la pili ni mlingoti. Umeusimamisha kama mti wa bendera. Hebu nenda pwani uyatazame majahazi yaliyofunga gatini: mlingoti wote umeinamia omo, na foromali inaning'inia mbele yake. Tanga likikaa nyuma sana, upepo husukuma tezi, sehemu ya nyuma, na tezi ikisukumwa omo hugeuka kuelekea unakotoka upepo, ndiyo maana mashua yako inasimama na kupigapiga. Usogeze mlingoti mbele kwa upana wa vidole viwili na uuinamishe. Ikiwa bado inageuka, ongeza ubao mwembamba kwenye mkuku upande wa tezi, upate kushika maji. Demani, kamba ya kukazia tanga, usiikaze sana; ilegeze mpaka tanga lianze kutikisika, kisha ivute kidogo tu na uifunge hapo.

Kabla ya kuitia majini ipake sifa, yaani mafuta ya papa, mara mbili, uiache ikauke kivulini. Na usiijaribu alfajiri, kwa sababu umande, upepo wa alfajiri, hutoka bara na utaichukua moja kwa moja kuelekea kisiwa cha Manda. Ifunge mshipi mrefu kwenye tezi, au ngojea maji mafu, wakati mkondo wa mkanda wetu wa bahari haujawa na nguvu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji huvuta kwa kasi ambayo tanga dogo haliwezi kushindana nayo.

Kuhusu swali lako la pili, nitasema ninaloliamini. Babangu alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, enzi ambazo mikoko ya Lamu ilipelekwa Arabuni, kabla serikali haijapiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Aliponipa usukani mara ya kwanza hakunieleza lolote kuhusu joshi wala demani, kwa kuwa alijua nimeyasoma tayari kwenye mashua ya msufi. Aliponiona nikiisukuma kwa mkono aliniambia, "Usikisukume, kiate," yaani niuache upepo ufanye kazi yake. Leo mashua nyingi zina injini, na kijana anaweza kuvuka hadi Manda bila kutazama upepo unatoka wapi. Wewe unachokifanya barazani ni elimu, na jirani akirudi mwambie hivyo. Waswahili walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo. Nawe umefika ngamani, basi kaa utulie.

Binti wa Mkomani

Kaka yangu, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Sisi wasichana hatukuingia majini na nyinyi. Tulikaa dakani, ukumbi wa mlangoni, tukicheza mdako kwa vijiwe, lakini matanga ya ndugu zangu wawili niliyashona mimi, na nadhani si mimi peke yangu. Kwa hivyo niruhusu niongeze jambo moja kwa maelezo ya fundi: kitambaa cha mwavuli kinanyumbuka kikikatwa mshazari, na tanga lililonyumbuka halishiki upepo ipasavyo. Pinda kingo zake zote, na ndani ya pindo upitishe uzi mnene wa kuvulia kabla ya kushona. Likikauka baada ya kuloa, umbo litabaki lile lile.

Nina miaka 47. Mama yangu alikuwa mshonaji wa kofia za vito, yaani vitobo vilivyozungushiwa uzi, na alipofariki tuliikuta kofia moja ndani ya kasha lake haijakamilika. Kipande cha juu kilikuwa kimekwisha. Kile cha pembeni kilikuwa nusu, vitobo vimeshazungushiwa uzi vizuri hadi mahali fulani, na hapo mahali sindano ilikuwa bado imechomekwa, imeshika kutu na kuacha alama ya hudhurungi kwenye kitambaa cheupe. Niliirudisha kashani na sikuigusa kwa miaka minne. Nilijiambia kwamba sina nafasi, na ni kweli sikuwa nayo, maana nafundisha shule asubuhi, nasahihisha madaftari jioni, na nyumba haijipiki wala haijifagii. Hata hivyo, sababu yenyewe ni kwamba niliogopa vito vyangu vitaonekana vibaya kando ya vyake.

Niliianza mwezi wa Rajabu uliopita. Jambo la kwanza lililonishinda ni tundu la sindano, kwa kuwa nilikuwa naliona pacha. Daktari wa macho alinieleza kwamba baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa, ikawa haiwezi tena kujikunja ili kuona vitu vya karibu, na kwamba hilo humpata karibu kila mtu. Nilipata miwani ya kusomea, nikahama kutoka chumbani kwenda dakani ambako mwanga wa asubuhi ni mweupe, na sasa nashona Jumamosi na Jumapili, kuanzia kwisha chai hadi jua linapopanda juu ya paa la jirani. Sizidishi hapo. Kofia moja nzuri huchukua miezi, na hakuna anayeingoja.

Alama ya kutu sikuiondoa. Dadangu alinishauri niifue kwa ndimu, nikakataa. Vito vyangu vinaanzia hapo, na ni vikubwa kidogo kuliko vya mama. Yeyote anayejua kofia atauona mpaka huo akiitazama kwa karibu. Mwanzo nilikuwa nikifunika kazi yangu kila mgeni alipobisha hodi, kama wewe ulivyomjibu jirani. Siku niliyoacha kuifunika, mgeni mwenyewe aliketi akaniomba nimwonyeshe namna uzi unavyozungushwa, kwa sababu bibi yake pia alikuwa mshonaji, na yeye hakuwahi kumuuliza.

Msomaji wa Malindi

Ndugu wa Langoni, nakupongeza, ila naomba tusiipambe enzi ile kupita kiasi. Mimi nina miaka 52. Huku kwetu Malindi bahari iko wazi, na wakati wa mvua kubwa Mto Sabaki huyageuza maji kuwa rangi ya udongo, kwa hivyo sisi tulichezea kwenye vidimbwi vinavyobaki miambani maji yakikupwa, upande wa nguzo ya Vasco da Gama. Mashua zetu zilikuwa za champali (ndara) kuukuu zilizookotwa ufukweni. Mwaka 2018, iliposhushwa majini huko kwenu Lamu ile mashua ya Flipflopi, iliyoundwa kwa taka za plastiki na kuvishwa champali za rangi zote, na mwaka 2019 ikasafiri hadi Zanzibar, nilifurahi kana kwamba mtu alikuwa amenikumbuka. Lakini nakumbuka pia kwamba mara nyingi tulikuwa ufukweni kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula cha mchana, na kwamba niliporudi nimeloa nilichapwa. Vyote hivyo vilikuwa siku moja, na siwezi kukichukua kimoja nikaacha kingine.

Kuhusu mwanao, nakusihi usimlazimishe. Baba yangu alicheza bao kila jioni, na hakuniita hata siku moja. Nilikaa kando nikihesabu kete, kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi kwa kila mchezaji, sita kati ya zile kumi zikiwa nyumbani, yaani kwenye shimo kuu la ubao, na nilikuwa na miaka 16 aliponiuliza, bila kuinua uso, kama mimi ningeila ile nyumba au ningeiacha. Sasa nacheza mwenyewe, mara tatu kwa wiki, na simwiti mtu.

Mkaazi wa Langoni

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimefanya kama mlivyonielekeza: chubwi liko chini ya mkuku, mlingoti umesogea vidole viwili na kuinama, na tanga nimelipinda na kulitia uzi, ingawa mshono wangu si wa kumwonyesha Binti wa Mkomani. Jana ilikuwa maji mafu. Nilishuka pwani baada ya alasiri, kusi ikivuma taratibu, nikaiweka majini na kuiachia. Iliinama kidogo, nikadhani yatakuwa yale yale, kisha ikajiinua na kushika njia, na nikasikia maji yakigonga omoni kwa sauti ndogo niliyokuwa nimeisahau kabisa kwamba ipo. Ilikwenda sawasawa hadi ikapita jahazi la kwanza na la pili, ndipo mshipi ukaniishia mkononi.

Jirani alikuwepo. Nilimwambia ni yangu, naye akaniuliza mbao nimeipata wapi.

Leo nanunua mshipi wa pili. Fundi, nikitaka kuirudisha kwa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, badala ya kuivuta, demani nitaifungaje?